Wahitimu Wanajitolea, Wagonjwa Wanasubiri: Ajira ya Afya Isiwe Fadhila

Tanzania ina mambo mawili ambayo, kwa mantiki ya kawaida, hayapaswi kukaa chini ya paa moja. Ina zahanati na vituo vya afya visivyo na watumishi wa kutosha, na ina vijana wenye stashahada na leseni za afya wasio na kazi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, likiyaasa mataifa tajiri yasiende huko kuchota wataalamu kwa pupa. Tanzania imo katika orodha hiyo. Maana yake ni kwamba dunia imeombwa isituchukulie matabibu na wauguzi kwa kuwa ni wachache mno, ilhali hapa nyumbani tabibu aliyehitimu miaka mitatu iliyopita anaendesha bodaboda ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni.

Kitendawili hiki huteguliwa kwa majibu mawili mepesi. La kwanza ni kwamba wahitimu wamekuwa wengi. La pili ni kwamba serikali haina fedha. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini yote mawili hayagusi kiini. Hoja yangu ni kwamba tumeifanya ajira ya afya kuwa fadhila inayotolewa pale siasa inapotaka, badala ya kuwa hesabu inayofanywa kila mwaka kwa kuangalia wagonjwa waliopo, zamu zinazopaswa kujazwa na vijana walioko darasani. Fadhila inapokawia, gharama yake hulipwa na watu wawili: mhitimu anayefanya kazi bila mshahara, na mgonjwa anayesafirishwa bila mhudumu.

Darasa lisilo na hesabu ya kazi

Tuanze na njia inayomfikisha kijana katika kada hizi. Anamaliza kidato cha nne akiwa amefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia, walau kwa alama D. Wazazi wake hawana hakika kama atapenya kidato cha sita na hatimaye shule ya udaktari. Wanaona njia fupi na yenye heshima ni chuo cha afya. Anaomba nafasi, anadahiliwa, anasoma miaka mitatu kupitia ngazi za tuzo zinazosimamiwa na NACTVET, anapelekwa wodini kwa mafunzo ya vitendo, na mwisho anatoka akiwa tabibu, muuguzi, mteknolojia wa maabara au mtaalamu wa dawa. Ada ya chuo binafsi kwa mwaka mmoja mara nyingi huzidi shilingi milioni moja. Kwa mkulima wa pamba wa Maswa au mfanyabiashara ndogo wa Tandika, hiyo ni ng'ombe, ni shamba, ni mkopo wa kikundi.

Wazazi hawa hawakuota. Mwaka 2007 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Aliyesikia ahadi hiyo alikuwa na haki ya kuamini kwamba majengo hayo yatahitaji watu. Vyuo vikaongezwa, vya umma na vya binafsi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo nayo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwa miongoni mwazo. Ni hatua njema, nami naiunga mkono. Lakini ina upande wa pili: sasa mhitimu anaweza kukaa nyumbani bila mshahara akiwa na deni la taifa mgongoni.

Chombo kinachothibitisha chuo hukagua madarasa, maabara, sifa za wakufunzi na mtaala. Hayo yote ni ya lazima. Swali ambalo hakuna chombo chenye mamlaka ya kulijibu ni hili: kati ya wanaodahiliwa mwaka huu, wangapi watahitajika miaka mitatu ijayo, wapi, na watalipwa kutoka fungu gani? Wizara ya Afya inajua mahitaji, Ofisi ya Rais inayoshughulikia Utumishi inatoa vibali, Wizara ya Fedha inaweka ukomo wa bajeti, TAMISEMI inaendesha zahanati, na chuo kinapokea ada. Kila mmoja ameshika kipande chake cha ramani. Mzazi aliyeuza ng'ombe ndiye pekee anayeamini kwamba ramani nzima ipo mahali fulani.

Kujitolea kwa nani?

Katika pengo hilo ndimo ilimozaliwa lugha ya "kujitolea". Neno hili lina historia ya heshima kwetu. Wazee waliojenga shule na kuchimba mitaro baada ya uhuru walijitolea: walikuwa na mashamba yao, wakatenga siku moja kwa ajili ya wote. Anachofanya mhitimu wa leo ni kitu kingine kabisa. Anaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri akiomba aruhusiwe kufanya kazi bila malipo, anapangiwa zamu za usiku kama mtumishi yeyote, anazalisha, anachoma sindano, anaandika rejista, na mwisho wa mwezi anapewa nauli, au shukrani.

Nimezungumza na vijana wengi wa aina hii. Mmoja wao, tabibu katika kituo cha afya cha pembezoni, aliniambia kwamba yupo katika mwaka wake wa tatu wa kujitolea, na kwamba wagonjwa wa kata ile humwita daktari. Anakula kwa dada yake. Nilipomuuliza kwa nini haondoki, alinipa jibu ambalo kila mwanauchumi anapaswa kulitafakari: akiondoka atasahau kazi, na siku nafasi zikitangazwa hatakuwa na uzoefu wa kuandika kwenye maombi. Kwa maneno mengine, ananunua nafasi ya kusubiri, na bei yake ni nguvu zake mwenyewe.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kujitolea kwa wahitimu ni nafuu ya bajeti. Takwimu za wagonjwa waliohudumiwa zinapanda, kituo kinaonekana kinafanya kazi, na pengo la ikama halionekani kwa sababu limezibwa na mtu asiye kwenye orodha ya mishahara. Ndiyo maana nasema utaratibu huu hauwaumizi wahitimu pekee. Unaificha serikali isione ukweli wake yenyewe. Mpangaji wa Dodoma anayesoma taarifa ya robo mwaka hawezi kujua kwamba nusu ya zamu za usiku katika kituo fulani zimebebwa na vijana wasio na mkataba.

Lipo pia suala la uwajibikaji ambalo wanasheria wetu hawajalizungumzia vya kutosha. Mama akifia mikononi mwa anayejitolea, nani atajibu? Kijana hana mwajiri wala bima, na akijichoma sindano yenye damu ya mgonjwa hana fidia ya mfanyakazi. Leseni yake ndiyo kitu pekee kilichopo mezani, na hicho ndicho kitakachochukuliwa.

Vilevile kujitolea huchuja watu kwa mfuko wao. Anayeweza kukaa miaka mitatu bila mshahara ni yule mwenye ndugu wa kumlisha. Mtoto wa mkulima asiye na dada mjini ataacha fani mapema na kwenda kuuza mitumba. Tukija kutoa ajira kwa kigezo cha uzoefu wa kujitolea, tutakuwa tumeugeuza umaskini kuwa sababu ya kumnyima mtu kazi, huku tukidhani tumetenda haki.

Gari limefika, mhudumu hajafika

Hakuna mahali ambapo pengo hili linaonekana wazi kama kwenye huduma ya dharura. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya magonjwa ya dharura mwaka 2010, na tangu hapo nchi imekuwa ikisomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye majengo ya dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi na magari ya wagonjwa. Aprili 2022 mfumo wa m-mama, uliokuwa umejaribiwa Kanda ya Ziwa, ulizinduliwa kuwa wa kitaifa: mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura huombewa usafiri kwa kupiga simu ya bure namba 115, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo, dereva wa jamii aliyesajiliwa humchukua na kulipwa.

Mfumo huo unastahili sifa. Vifo vya uzazi, ambavyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulivikadiria kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, vilikadiriwa kuwa 104 katika utafiti wa mwaka 2022. Sababu za kushuka huko ni nyingi, na usafiri wa rufaa ni mojawapo ya juhudi zilizofanyika. Serikali ikiamua, mambo yanawezekana.

Lakini tazama kinachotokea ndani ya gari. Mama anavuja damu katika zahanati yenye watumishi wawili. Gari linafika. Nani atamsindikiza? Muuguzi. Akipanda, zahanati inabaki na mtu mmoja, au inafungwa hadi kesho. Asipopanda, mama anasafiri na dereva na shemeji yake. Katika nchi zilizojenga huduma hii, kiti kile cha nyuma kina mwenyewe: mhudumu wa dharura aliyesomea kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, kuweka dripu gari likiwa mwendoni na kuzungumza na daktari anayemsubiri. Kwetu kada hiyo bado ni changa mno. Gari lenye king'ora na lisilo na mhudumu ni teksi iliyopakwa rangi nyeupe.

Tumeona gharama yake hadharani. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, waliokufa walizidi 100. Novemba 6, 2022, ndege iliyokuwa na watu 43 ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao. Watu 19 walipoteza maisha. Taifa liliwapongeza wavuvi wale, na kwa haki. Ila taifa linalotegemea ushujaa wa mpita njia halijapanga huduma ya dharura, limepanga kushukuru.

Sasa tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kuwa ukomo wa kawaida wa kazi kwa wiki. Kiti kimoja kinachopaswa kuwa na mtu usiku na mchana kinahitaji karibu watu wanne, na ukiweka likizo na maradhi ni watano. Gari moja la wagonjwa, basi, linahitaji madereva watano na wahudumu watano. Magari mia moja yanahitaji wahudumu 500. Unaponunua gari bila kutenga mishahara ya watu hao, umenunua nusu ya huduma na kuiita nzima. Na wanaoweza kuwa wahudumu hao wapo tayari: ni matabibu na wauguzi wanaojitolea, ambao kwa mafunzo ya ziada wanaweza kukaa kwenye kiti kile.

Fedha hupatikana siasa ikitaka

Najua jibu litakalokuja: bajeti ya mishahara haina nafasi. Naomba turudi nyuma kidogo. Machi 2017, baada ya madaktari wa Kenya kumaliza mgomo wa siku 100, Rais John Magufuli alikubali ombi la Kenya la kupelekewa madaktari 500 wa Tanzania. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, na mpango ukasimamishwa. Watanzania 258 walikuwa wamekwisha kuomba. Rais akaamuru waajiriwe wote mara moja na serikali ya Tanzania, nao wakaajiriwa.

Nilifurahi kwa ajili ya wale 258. Lakini tukio lile lilitufundisha jambo zito. Madaktari hao walikuwapo nchini siku moja kabla ya mgomo wa Kenya, na wagonjwa wa Katavi na Lindi walikuwapo pia. Upungufu haukuongezeka kwa wiki ile, wala hazina haikugundua dhahabu. Kilichobadilika ni kwamba jambo liligusa heshima ya nchi, na fedha ikaonekana. Hiyo ndiyo maana ya ajira ya fadhila: haifuati mahitaji, inafuata tukio.

Mtindo haukufa na awamu ile. Aprili 2023 Ofisi ya Rais, TAMISEMI, ilitangaza nafasi 21,200, kati yake 13,130 za walimu na 8,070 za kada za afya. Ni nafasi nyingi, na awamu ya sasa imeajiri kwa kiwango kinachoonekana. Bado zilitangazwa kama habari njema ya msimu: kijana hajui kama mwakani zitakuwapo, ngapi, wala kwa kada gani. Mvua ikinyesha kwa kushtukiza hata mkulima hodari hawezi kupanga shamba.

Wapo wanaosema vijana wajiajiri. Ushauri huu unafaa kwa fundi cherehani. Kwa kada ya afya una mpaka wake. Kufungua zahanati binafsi kunahitaji jengo, vifaa, vibali na mtaji ambao mhitimu hana. Na huduma ya dharura kwa asili yake haiuziki sokoni: aliyepoteza fahamu barabarani hawezi kupatana bei. Ndiyo sababu katika nchi nyingi dharura hubebwa na umma, kama zimamoto.

Wengine waliweka tumaini kwa miradi ya wafadhili. Januari 20, 2025, amri moja iliyosainiwa Washington ilisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na watumishi wengi wa afya barani Afrika waliokuwa wakilipwa na miradi ya UKIMWI na kifua kikuu wakaambiwa wasije kazini. Mshahara unaotegemea kalamu ya rais wa nchi nyingine ni fadhila ya mbali zaidi.

Kwa kuwa tumeitaja Marekani, tuchukue kwao funzo lenye faida. Mwaka 1967 mjini Pittsburgh, katika mtaa wa watu weusi wa Hill District, vijana walioonekana hawaajiriki walichukuliwa na kufundishwa tiba ya dharura chini ya Dkt. Peter Safar, mmoja wa waasisi wa mbinu za kuhuisha mapigo ya moyo. Huduma yao iliitwa Freedom House. Kabla yao wagonjwa wa mtaa ule walibebwa na polisi, bila tiba njiani. Vijana wale wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa aina hiyo nchini mwao, na mafunzo yao yakawa kielelezo kwa wengine. Mwaka 1975 jiji liliifunga huduma hiyo na kuanzisha ya kwake, na wengi wa waasisi wale weusi wakasukumwa pembeni. Nusu ya kwanza ya kisa hiki inatuonyesha kwamba kijana asiye na kazi anaweza kuwa jibu la tatizo la mtaa wake. Nusu ya pili inatuonyesha kwamba bila nafasi iliyolindwa na utaratibu, hata aliyeianzisha kazi anaweza kutolewa nje ya mlango wake.

Tufanye nini?

Kwanza, kujitolea kuwekewa ukomo. Miezi sita inatosha kulinda ujuzi. Baada ya hapo halmashauri iandike mkataba wenye malipo na fidia ya ajali kazini, au imwachie kijana aende. Halmashauri kadhaa zimekwisha kuajiri kwa mikataba kutokana na mapato ya ndani, kwa hiyo hatuzungumzi ndoto. Na wakati huohuo, kila kituo kiripoti idadi ya wanaojitolea na saa wanazofanya kazi, ili pengo la ikama lionekane kwenye karatasi.

Pili, udahili na ajira visomwe kwenye jedwali moja. Kila mwaka, kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa, serikali ichapishe idadi ya nafasi inazotarajia kuajiri kwa kila kada katika miaka mitatu ijayo. Chuo kiwe na wajibu wa kumwonyesha mzazi jedwali hilo kabla ya kupokea ada.

Tatu, kila gari la wagonjwa linunuliwe pamoja na watu wake. Kada ya wahudumu wa dharura iwe na nafasi zinazojulikana katika miundo ya utumishi, na bajeti ya gari isipitishwe bila bajeti ya zamu zake.

Nne, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 itekelezwe kwa kukumbuka kwamba kadi haitibu. Mwenye kadi atakapofika zahanati na kukuta mlango umefungwa kwa sababu muuguzi amesindikiza rufaa, ataona ametapeliwa.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa: wengi wenu mnazijua takwimu hizi kuliko mimi. Ziandikeni kwenye taarifa zenu bila kuzipunguza makali. Kwa wanaharakati: wahitimu wanaojitolea hawana chama cha kuwasemea, kwa sababu chama ni cha wenye ajira. Hapo pana kazi ya kufanya. Na kwa wanafunzi walioko vyuoni: fani mliyoichagua ni ya lazima, wala msiruhusu mtu yeyote awaambie kwamba ninyi ni wengi kupita kiasi. Nchi isiyo na mtu kwenye kiti cha nyuma cha gari la wagonjwa haina wahudumu wa ziada. Ulizeni hesabu inapigwa na nani, lini, na kwa nini hamuonyeshwi.